Jiki na Kuvu ya Ukutani: Dhana Potofu Zinazotawala Nyumba za Dodoma

Dhana inayotangulia nyingine zote ni kwamba Dodoma ni nchi kame, hivyo kuvu ni shida ya watu wa Tanga na Dar es Salaam. Ni kweli kwamba mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, lakini kuvu haijali mvua iliyonyesha mkoani. Inachohitaji ni ukuta mmoja uliolowa. Bomba linalovuja nyuma ya vigae vya bafu, bati lililotoboka penye msumari, nguo zinazoanikwa chumbani, na madirisha tunayofunga kutwa kwa kuogopa vumbi na usiku kwa baridi ya kipupwe, vyote huipatia unyevu wa kutosha. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu huweza kuanza kuota.

Hata hivyo, si kila doa ni kuvu. Unga mweupe unaojitokeza sehemu ya chini ya ukuta, karibu na msingi, mara nyingi ni chumvi iliyopandishwa na unyevu wa ardhini. Tonesha maji juu yake: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Kumwagia jiki chumvi ni kupoteza fedha, kwa kuwa anayehitajika hapo ni fundi wa kuzuia maji yasipande ukutani.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba jiki humaliza kuvu. Tunadanganyika nayo kwa sababu hupausha rangi: doa jeusi hugeuka jeupe mbele ya macho, nasi tukaamini kazi imekwisha. Juu ya vigae, kioo au sinki, ambavyo havinywi maji, hufanya kazi vizuri. Lipu, mbao na dari ya jipsamu hunywa maji. Klorini iliyomo kwenye jiki huishia juu juu, ilhali maji yaliyochanganywa nayo hupenya ndani na kuongeza unyevu uleule unaoilisha kuvu. Isitoshe, kuvu iliyokufa bado inaweza kumsumbua mwenye pumu au mzio, kwa hiyo haitoshi kuiua, sharti iondolewe. Utaratibu unaofaa ni kuziba kwanza mahali maji yanapotokea, kusugua kwa maji ya sabuni, kisha kukausha kabisa. Usisugue ukuta mkavu, kwani vijimbegu vya kuvu vitatawanyika nyumba nzima. Vaa glavu na barakoa, fungua madirisha, na ukilazimika kutumia jiki, isizidi kikombe kimoja cha mililita 240 kwa takriban lita 4 za maji. Jipsamu iliyoota kuvu hadi ndani haisafishiki. Ikatwe na kuwekwa nyingine.

Wapo wanaoamini kwamba dawa mbili zikichanganywa huwa na nguvu maradufu. Hili ndilo kosa la hatari kuliko yote. Jiki ikikutana na siki au dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na dawa yenye amonia, kama baadhi ya zile za kusafishia vioo, hutoa gesi za kloramini. Zote huunguza macho na mapafu, na bafu dogo lisilo na dirisha ni mahali pabaya mno pa kujaribia.

Siki peke yake hudhoofisha baadhi ya kuvu, si zote. Rangi mpya juu ya kuvu hubanduka baada ya muda, na mwenye nyumba anayempakia mpangaji mpya rangi bila kuziba bomba anaahirisha tu lawama. Weusi wa kuvu nao si kipimo cha sumu yake: ya rangi yoyote iondolewe.

Hofu nyingine ina historia yake. Mwaka 2016, sumukuvu katika chakula, hasa mahindi, iliwaugulisha watu 68 mikoani Dodoma na Manyara, na 20 kati yao wakafariki. Tangu hapo wapo wanaodhani doa la bafuni ni sumu hiyohiyo. Sumukuvu huingia mwilini hasa kwa kula nafaka iliyoharibika, na kupika hakuimalizi. Tunapokosea ni pale tunapolisugua bafu kila Jumamosi huku magunia ya mahindi yameegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu. Yanapaswa kukaa juu ya chaga, mbali na ukuta, na mahindi yawe yamekauka kabla ya kufungwa.