Mgomo wa mafundi wa jukwaa: maana yake na jinsi unavyofunga kumbi za maigizo

Mafundi wa jukwaa ni wafanyakazi ambao mtazamaji hatakiwi kuwaona. Wao ndio wanaopandisha na kushusha mapazia, wanaosukuma mandhari hadi mahali pake, wanaounganisha taa na vipaza sauti, na wanaomkabidhi mwigizaji upanga au kikombe sekunde chache kabla hajaingia. Kabla ya hayo yote, ndio waliopakua malori na kujenga ndani ya ukumbi mtupu nyumba, msitu au meli ambayo hadithi inahitaji. Mgomo wao ni hatua ya pamoja ya kusimamisha kazi, kwa kawaida kupitia chama cha wafanyakazi, ili kumshinikiza mwajiri akubali masharti fulani ya mkataba. Fasili hiyo inatosha kwa kamusi, lakini haielezi inakuwaje watu wasioonekana wakaweza kufunga ukumbi ambao waigizaji wake wako tayari na tiketi zake zimeshauzwa.

Sehemu ya jibu iko juu ya kichwa cha mwigizaji. Katika kumbi nyingi kubwa, juu ya jukwaa kuna mnara uliofichika machoni mwa watazamaji, ambamo mapazia yaliyochorwa na taa vimening'inizwa kwenye mabomba ya chuma. Kila bomba limefungwa kwa nyaya zinazopita kwenye kapi na kushuka ukutani hadi kwenye fremu iliyopakiwa vipande vya chuma vyenye uzito sawa na mzigo, kiasi kwamba fundi mmoja anayevuta kamba anaweza kushusha, kwenye ubeti uleule wa wimbo kila usiku, kitu kinachomzidi uzito mara kadhaa. Vyuma hivyo vikizidi au vikipungua, mzigo hukimbia wenyewe, na chini yake kuna watu wanaocheza huku taa zikiwapiga machoni. Kwetu, ambako mara nyingi mwigizaji mwenyewe ndiye anayebeba meza na ngoma, kazi hii inaweza kuonekana ni ya kubeba mizigo tu. Sivyo, na si rahisi kumwokota mtu barabarani akaifanya usiku huohuo.

Hata hivyo, ujuzi pekee haufungi ukumbi. Kinachoufunga zaidi ni mshikamano: wagomaji husimama mlangoni na mabango yao, nao waigizaji na wanamuziki, ambao wana vyama vyao wenyewe, hukataa kuwapita.

Mfano ulio wazi ni wa Broadway, eneo la kumbi kubwa za maigizo jijini New York, Marekani, mwaka 2007. Mafundi wa huko wamo katika chama kiitwacho Local One, kilichoanzishwa mwaka 1886, nacho hakikuwa kimewahi kugoma katika kumbi hizo kwa miaka 121. Mkataba wao ulikwisha kiangazi cha mwaka huo, na ubishi mkubwa ulihusu idadi ya mafundi wanaopaswa kuitwa wakati onyesho jipya linapoingizwa ukumbini. Watayarishaji walisema wanalipa watu ambao siku nyingine hawana kazi ya kufanya. Chama kilijibu kwamba idadi hiyo ndiyo inayolinda usalama na riziki katika kazi ambayo onyesho linaweza kufa wiki ile lilipozinduliwa, na kwamba anayetaka kuipunguza atoe kitu chenye thamani sawa. Kwa maoni yangu kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na pengine ndiyo maana mazungumzo yalikuwa magumu.

Jumamosi tarehe 10 Novemba mafundi waliacha kazi. Onyesho la kwanza kusimama lilikuwa la watoto, la saa tano asubuhi, na familia zilizofika na tiketi mkononi ziliwakuta wagomaji nje. Maonyesho 27 yalifungwa. Machache yaliendelea, kwa sababu kumbi zake zilikuwa na mikataba tofauti na chama hicho. Kampuni ya Disney ilionja hali zote mbili kwa wakati mmoja: Mary Poppins iliendelea katika ukumbi wa New Amsterdam, ilhali The Lion King, yenye wahusika wanaoitwa Simba na Rafiki, ilisimama katika ukumbi wa Minskoff.

Hasara ya ukumbi ina sura yake ya pekee. Kiwanda kilichofungwa wiki mbili kinaweza baadaye kufanya kazi ya ziada na kufidia bidhaa. Kiti kilichobaki kitupu jana usiku hakiuziki leo, na onyesho la kawaida la Broadway huchezwa mara 8 tu kwa wiki. Mgomo huo ulimeza pia juma la sikukuu ya Thanksgiving, mojawapo ya majuma yenye mauzo makubwa katika mwaka. Migahawa, hoteli na teksi za jirani nazo zilikosa wateja. Mdhibiti wa fedha wa jiji alikadiria hasara ya dola milioni 2 kwa siku.

Mtazamaji, kwa upande wake, alirudishiwa fedha za tiketi au alibadilishiwa tarehe. Hapo ndipo penye dhuluma ndogo isiyozungumzwa sana, kwa kuwa aliyesafiri kutoka mbali hakurudishiwa nauli wala malipo ya hoteli, na tarehe nyingine haikumfaa kitu ikiwa alikuwa anaondoka Jumatatu. Hakuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo, ingawa fedha zake ndizo zilizokuwa zikigombewa. Wengine waliishia katika kumbi ndogo za mjini humo, ambazo mgomo haukuzihusu.

Makubaliano ya miaka mitano yalifikiwa usiku wa tarehe 28 Novemba, na kesho yake taa zikawashwa tena. Athari ziliendelea, maana mafundi walipoacha kazi, maandalizi ya maonyesho mapya nayo yalikuwa yamesimama. Tamthilia ya August: Osage County, iliyokuwa izinduliwe tarehe 20 Novemba, ilizinduliwa tarehe 4 Desemba, na The Little Mermaid ikasubiri hadi Januari 2008.