Je, wajua kwa nini wanaume wa Uskoti huvaa "sketi"?

Mwonyeshe mtoto picha ya mpiga zumari wa Uskoti na swali la kwanza litakuwa hilo hilo: mbona baba huyu amevaa sketi? Mtoto wa Pwani hana haja ya maelezo marefu. Mkumbushe babu na kikoi chake, atakuelewa mara moja kwamba nguo isiyo na miguu miwili si ya wanawake peke yao. Kazi iko kwenye swali la pili: na ile miraba ya rangi ina maana gani?

Tuanze na nguo yenyewe. Kilti ilianza kama blanketi. Mwishoni mwa karne ya 16, wanaume wa Nyanda za Juu za Uskoti walikuwa wakijifunga shuka zito la sufu lenye urefu wa mita nne, tano au zaidi, ambalo kwa Kigaeli, lugha ya huko, huitwa feileadh mòr. Walilikunja marinda kiunoni, wakalikaza kwa mkanda, na sehemu ya juu iliyobaki wakaitupa begani. Mvua ikinyesha, na kule hunyesha kwelikweli, sehemu hiyo hupandishwa kichwani. Usiku mkanda unafunguliwa na mtu analala ndani ya nguo aliyoshinda nayo. Mchungaji anayevuka vijito na matope kutwa nzima hakuwa na haja ya suruali ya kumganda miguuni, na sufu huhifadhi joto hata ikiwa imelowa.

Katika karne ya 18 ile nusu ya juu iliachwa, ikabaki nusu ya chini peke yake. Hiyo ndiyo kilti tunayoijua leo, bapa mbele na marinda nyuma. Simulizi moja lililochapishwa mwaka 1785 linasema aliyebuni ufupisho huo alikuwa Mwingereza, Thomas Rawlinson, mwenye tanuri la chuma, ambaye aliona shuka zima linawasumbua vibarua wake. Waskoti wengi hawapendi kulisikia, na wanahistoria wanaendelea kubishana.

Sasa miraba. Kitambaa chenyewe kinaitwa tartani, na siri yake mtoto anaweza kuigundua mezani kwa vipande vya karatasi. Mfumaji hupanga rangi za mtande, yaani nyuzi za urefu, kwa mfuatano fulani, kisha hurudia mfuatano ule ule kwenye mshindio, yaani nyuzi za kukatiza. Kila uzi hupita juu ya nyuzi mbili na chini ya mbili, ukisogea hatua moja kila mstari, ndiyo maana ukikitazama kwa karibu unaona vijistari vya mshazari. Mahali nyekundu inapokutana na nyekundu unapata nyekundu tupu. Nyekundu ikikutana na kijani, jicho linaona rangi ya tatu ambayo hakuna aliyeitia. Kwa hiyo rangi mbili huzaa tatu, tatu huzaa sita, nne huzaa kumi. Mwachie mtoto ahesabu mwenyewe kabla hujamwambia jibu.

Kuna jambo jingine watoto hulipenda mno, kwa sababu linachefua kidogo. Sufu ikishafumwa ililoweshwa katika mkojo uliochachishwa, kwani amonia yake husafisha mafuta na kusaidia rangi kushika. Kisha wanawake walikaa kuizunguka meza ndefu, wakakikanda na kukipigapiga kitambaa hadi kiwe kizito, huku wakiimba nyimbo za Kigaeli za kwenda na mapigo ya mikono.

Kitambaa cha miraba ni cha kale sana huko. Karibu na mji wa Falkirk kilipatikana kipande cha karne ya 3, kimezibia mdomo wa chungu kilichojaa sarafu za Kirumi zinazokaribia 2,000. Kina rangi mbili tu, zile zile za kondoo mwenyewe. Lakini hapa ndipo vitabu vingi vya watoto hukosea: husema kwamba tangu enzi hizo kila ukoo ulikuwa na tartani yake. Si kweli. Rangi zilitegemea mimea ya eneo na mkono wa mfumaji. Hata kwenye vita vya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, wapiganaji wa Mwanamfalme Charles Stuart, aliyeasi akidai kiti cha ufalme wa Uingereza kwa ajili ya baba yake, walijulikana kwa utepe mweupe kofiani, si kwa miraba ya nguo zao.

Charles alishindwa, na Bunge la London likatunga sheria ya kumkataza mwanamume au mvulana yeyote wa Uskoti asiye askari kuvaa kilti. Kosa la kwanza lilikuwa kifungo cha miezi sita. La pili, kuhamishwa ng'ambo kwa miaka saba. Wanawake hawakutajwa, na askari wa serikali waliachiwa kilti zao. Sheria ilifutwa mwaka 1782.

Marufuku huongeza utamu. Mwaka 1815 chama kimoja cha Waskoti waishio London kiliwaomba wakuu wa koo walete vipande vya tartani zao, na wengine ilibidi kwanza waulizie. Kiwanda cha akina Wilson pale Bannockburn kilikuwa na mitindo mingi iliyojulikana kwa namba. Taratibu mitindo hiyo ikapewa majina ya miji na ya koo. Kisha Agosti 1822 Mfalme George IV alizuru Edinburgh, sherehe zikiwa zimepangwa na mwandishi Walter Scott. Mfalme mwenyewe, mnene wa kutosha, alijitokeza na kilti nyekundu na soksi ndefu za waridi. Baada ya hapo kila familia yenye jina ilitaka miraba yake, na wauza vitambaa hawakuwa na sababu ya kuikatalia.

Leo kuna daftari rasmi la tartani, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Humo utakuta koo, majeshi, miji, kampuni na timu za mpira. Huhitaji kuwa Mskoti kuomba kusajili mtindo wako, ila uwe mpya na uonyeshe jinsi unavyohusiana na jina unalotaka kuupa.