Mitokondria haijitoshelezi kwa protini

Wanafunzi wengi wa biolojia hapa Mwanza huamini kwamba mitokondria (kijisehemu cha seli kinachozalisha nishati), kwa kuwa ina DNA yake, hujitengenezea protini zake zote, lakini sivyo. Kwa binadamu, kama ilivyo kwa sangara wa ziwa letu, DNA hiyo hubeba maelekezo ya protini 13 tu, ilhali mamia mengine hutengenezwa nje, katika saitoplazimu (uteute wa seli unaoizunguka mitokondria), kwa maelekezo ya jeni za kiini cha seli. Tena, na hili ndilo la ajabu zaidi, nyingi hupenya matundu membamba ya tando mbili zikiwa bado hazijakunjwa, kama uzi wa nyavu kabla ya kusukwa, huku protini saidizi iitwayo Hsp70 ikizivuta kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Zikishaingia, baadhi hukunjwa kwa msaada wa protini saidizi nyingine, Hsp60, kazi iliyobainishwa katika hamira mwaka 1989.