Kipigo cha Nyumbani ni Suala la Usawa

Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya jimbo la North Carolina, Marekani, iliamua kesi ya mume aliyemchapa mkewe mara tatu kwa ufito wa unene wa kidole. Majaji hawakusema kwamba mume ana haki ya kumpiga mkewe. Walisema mahakama haitaingilia utawala wa familia kwa makosa madogo, kwani kuyaanika hadharani kungeleta madhara makubwa kuliko fimbo zenyewe. Mume akaachiwa. Mwanazuoni wa sheria Reva Siegel alionyesha mwaka 1996 jinsi mtindo huo ulivyoenea: haki ya mume kumwadhibu mkewe ilipofutwa, faragha ya ndoa ilishika nafasi yake, na mwanamke akabaki na kipigo kile kile.

Lakini sheria haijawahi kukaa nje ya nyumba. Ndiyo inayosema nyumba ni ya nani, watoto wabaki na nani, na mke akiondoka aondoke na nini. Ikishapanga yote hayo, halafu siku ya kipigo ikasema "haya ni ya mke na mume," imeshachagua upande. Hii ndiyo hoja kuu ya wanazuoni wa sheria wenye mtazamo wa ufeministi, yaani unaodai usawa wa wanawake na wanaume, na ndiyo maana wanakataa kipigo kielezwe kwa hasira au ulevi tu. Mlevi huyo huyo hampigi bosi wake.

Hoja hiyo iligusa hata sheria ya kujihami. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikuwa na kesi ya Lyn Lavallee, aliyempiga mwenza wake risasi ya kisogoni wakati mwanamume huyo akitoka chumbani. Alikuwa amepigwa kwa miaka, na usiku huo mwenza huyo alimwambia kwamba asipomuua, yeye Lavallee ndiye atakayeuawa. Sheria ilizoea kumfikiria mwanamume anayegombana na mwenzake baa, hatari ikiwa mbele ya macho sasa hivi. Jaji Bertha Wilson alieleza kwamba woga wa mwanamke huyu haupimwi kwa kipimo hicho, kwa sababu anazijua dalili za kipigo kinachokuja kuliko mtu yeyote. Uamuzi wa kwanza wa kumwachia huru, uliokuwa umetenguliwa kwenye rufaa, ukarejeshwa. Baadhi ya wanazuoni, akiwemo Elizabeth Schneider, wameonya wakili asimtetee mwanamke wa namna hii kana kwamba ni mgonjwa wa akili. Nakubaliana nao: aliyefungiwa njia zote anaweza kufikiri vizuri kabisa.

Michubuko yenyewe ni sehemu tu ya ukatili. Evan Stark, mtaalamu wa sosholojia, alieleza mwaka 2007 udhibiti wa kila siku: kumpekua mke simu, kumnyima nauli, kumhesabia muda anapotoka, kumtenga na ndugu zake. Uingereza na Wales ziliufanya kosa la jinai kwa sheria ya mwaka 2015, kifungo chake hadi miaka 5.

Kwa upande wa mikataba, kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka mwaka 1992 kwamba ukatili wa kijinsia ni ubaguzi. Uzito wa kauli hiyo ulionekana katika kesi ya Nahide Opuz wa Uturuki. Yeye na mama yake walishambuliwa na mumewe mara nyingi, wakaripoti, kisha wakafuta malalamiko, na mashauri kadhaa yakafungwa. Mwaka 2001 mume alimchoma Nahide kisu mara saba. Adhabu yake ikawa faini ya kulipa kwa awamu. Mwaka 2002 alimuua mama mkwe wake. Mwaka 2009 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Uturuki ilishindwa kuwalinda wanawake hao, na kwamba kushindwa huko kulikuwa ubaguzi wa kijinsia.

Mahakama ilisema pia kwamba kadiri kosa linavyokuwa zito, au hatari ya kurudiwa inavyokuwa kubwa, ndivyo waendesha mashtaka wanavyopaswa zaidi kuendelea hata mlalamikaji akijitoa. Kwa hiyo ofisa anayeletewa barua ya kufuta malalamiko asiipige mhuri haraka. Aulize kwanza nani ameiandika, mwanamke amefika na nani, usiku huu atalala wapi, na pesa ya chakula cha watoto iko mikononi mwa nani.