Mama kijacho, mafuta ya kunukia na vipodozi vya kujichanganyia: maswali kutoka Dodoma

Upepo wa kipupwe Dodoma, kuanzia Juni hadi Agosti, hukausha midomo, hupasua visigino na kuifanya ngozi ya tumbo linalotanuka iwashe. Wajawazito wengi huku hujichanganyia mafuta nyumbani: alizeti au nazi, kisha matone ya lavenda, mchaichai au karafuu kutoka kwenye vile vichupa vidogo. Haya ni maswali yanayorudi mara kwa mara.

Si yanatokana na mimea? Yatamdhuruje mtoto?

Kafuri nayo inatokana na mti, na ikimezwa kijiko kimoja tu inaweza kumtia mtoto degedege. Mafuta ya kunukia hupatikana kwa kukenekwa au kukamuliwa hadi mmea mwingi ubaki ndani ya matone machache. Kupata kilo 1 ya mafuta ya waridi kunahitaji zaidi ya tani 3 za maua. Kwa hiyo tone moja si sawa na jani moja ulilotia kwenye chai. Chembe zake ni ndogo na hupatana na mafuta ya mwili, hivyo baadhi hupenya ngozi, huingia kwenye damu na kuvuka kondo la nyuma. Kidogo kilichozimuliwa vizuri huwa hakina neno. Hatari iko kwenye wingi, kwenye aina, na kwenye kuyameza.

Nina wiki nane. Nianze lini?

Subiri miezi mitatu ya kwanza ipite, kwa kuwa ndipo viungo vya mtoto vinapoumbika. Halafu katika kipindi hicho harufu kali peke yake inatosha kukutapisha. Mafuta ya kula yasiyo na harufu yatakutosha. Na kama una kifafa, pumu au presha, usianze kabla ya kuzungumza na mhudumu wako wa kliniki.

Baada ya hapo, nichanganye kwa kipimo gani?

Kipimo kinachoshauriwa sana kwa mjamzito hakizidi asilimia 1. Kijiko kimoja cha chakula, yaani mililita 15 za alizeti, kinapokea matone 3. Kijiko cha chai ni tone 1. Usiyapake bila kuyazimua, wala usiyadondoshe kwenye ndoo ya maji ya kuoga: mafuta hayayeyuki kwenye maji, yataelea na kukugusa yakiwa makali vilevile.

Kabla ya kupaka mwili mzima, paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko na usubiri siku nzima. Pakiwasha au pakawa pekundu, nawa kwa sabuni na achana nayo. Lavenda na chungwa tamu ndizo zinazotumika zaidi na wajawazito waliovuka miezi mitatu. Tengeneza ya wiki moja au mbili tu. Ukitia maji au utomvu wa mshubiri humo ndani, vijidudu huota upesi, hata kama harufu bado ni nzuri.

Yapi niyaache kabisa?

Kafuri. Imo kwenye dawa nyingi za kuchua misuli na kifua, mara nyingi pamoja na metili salisilati, kemikali ya jamii moja na aspirini. Mjamzito asijichue nazo bila ushauri wa daktari, hata mgongo ukimsumbua vipi. Kwenye lebo za Kiingereza tafuta maneno pennyroyal, sage, wormwood, rue, camphor na wintergreen. Ukiyaona, rudisha chupa dukani. Baadhi ya hayo yana historia ndefu ya kutumiwa kutoa mimba, na kuna wanawake walioharibika ini kwa sababu yake.

Mdalasini na karafuu ni suala la ngozi zaidi: huchoma na kuleta vipele, na ngozi ya mjamzito huwa nyepesi kuudhika.

Mama mkwe ananichua tumbo kwa mafuta ya karafuu aliyoletewa kutoka Pemba. Nimkatalie vipi?

Usimkatalie mikono yake, mwombe abadilishe mafuta. "Mama, naomba tutumie alizeti tupu, kliniki wamesema karafuu inanichoma." Akupake taratibu, mgongoni na miguuni. Kulikandamiza tumbo ili kumgeuza mtoto ni jambo jingine kabisa, na hilo kataa kwa adabu lakini bila kuyumba: kondo linaweza kuachia na ukavuja damu. Kataa vilevile kunywa mafuta ya mnyonyo ili uchungu uje haraka. Yanaharisha na kukausha maji mwilini, wakati unahitaji nguvu zako zote.

Vichupa vinavyouzwa sokoni na barabarani ni salama?

Vingi si mafuta ya mmea, ni manukato ya kiwandani. Chupa ya kweli huandika jina la kisayansi la mmea. Kwa lavenda tafuta *Lavandula angustifolia*, kwa sababu lavenda za aina nyingine huwa na kafuri zaidi. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia. Chupa nyeupe iliyoshinda juani mezani kwa muuzaji, na jua la Dodoma mnalijua, iachwe hapohapo: joto, mwanga na hewa hubadilisha mafuta ya lavenda na ya machungwa, nayo huanza kusababisha mzio hata kwa mtu aliyekuwa akiyatumia bila shida.

Basi nipake nini ili ngozi isikauke na nisipate michirizi?

Alizeti, dada yangu. Inalimwa hapa Dodoma na jirani zetu Singida, na ngozi inaipokea vizuri. Ya nazi ni nzuri, ya mbegu za ubuyu pia. Siri iko kwenye muda: paka ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, na usioge maji ya moto sana. Kuhusu michirizi nakuambia ukweli ili usitupe pesa: hakuna mafuta yaliyothibitika kuizuia. Inategemea zaidi ulivyorithi na jinsi ngozi inavyotanuka. Baada ya kujifungua hufifia.

Skrabu ya sukari na ndimu kwa madoa ya usoni?

Usitumie. Ndimu na limau, maji yake na mafuta ya maganda yake, zina kemikali zinazoamshwa na jua, na ngozi huungua na kubaki na alama nyeusi kuliko zile ulizotaka kuziondoa. Madoa ya kahawia ya ujauzito huletwa na homoni, huzidishwa na jua, na kwa wengi hupungua mtoto akishazaliwa. Vaa kofia pana au mtandio.

Kibaya zaidi ya ndimu ni mkorogo, ile krimu ya kuchubua ngozi. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Zebaki huharibu figo za mama, huvuka kondo na kufika kwenye ubongo wa mtoto. Kama umekuwa ukiutumia, acha leo na umwambie mkunga wako waziwazi. Hatakuhukumu, anahitaji kujua.

Viganja na nyayo zinaniwasha usiku, sina vipele. Nipake nini?

Usipake kitu, nenda hospitali kesho asubuhi. Kuwashwa kwa namna hiyo, hasa baada ya mwezi wa sita, kunaweza kutokana na nyongo kutotoka vizuri kwenye ini, hali inayoweza kumhatarisha mtoto tumboni. Inapimwa kwa damu.

Nikishajifungua je?

Usipake mafuta ya kunukia kwenye chuchu wala kifuani anapolala mtoto. Yenye mnanaa, mkaratusi au kafuri yasikaribie pua ya kichanga, yanaweza kumbana pumzi. Vichupa vifungiwe juu kabatini. Mtoto akimeza, usimtapishe wala usimpe maziwa: chukua kichupa chenyewe na mwahi naye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama anaonekana mzima.