Waislamu wa mrengo wa kushoto walipoendesha serikali ya Iran

Nafundisha sheria na siasa za nchi za Kiislamu, na kila mwaka darasani linazuka swali lilelile: chama cha Kiislamu kinaweza kweli kuwa cha mrengo wa kushoto, au mtu akishataja sharia ameshajiweka kulia? Wanaouliza hudhani tunazungumzia jambo la kubuni. Mimi huwapeleka Iran ya miaka ya 1980. Huko watu wa namna hiyo waliendesha serikali kwa karibu miaka minane, na wakati mwingi wa miaka hiyo nchi ilikuwa vitani.

Chama cha Jamhuri ya Kiislamu kilianzishwa Februari 1979, mwezi uleule mapinduzi ya kumwondoa Shah yaliposhinda, na Ayatullah Beheshti akiwa kinara wake. Kilikuwa chama kimoja kwa jina tu. Humo walikuwemo wafanyabiashara wa bazari, yaani soko kuu la kale, la Tehran pamoja na masheikh waliowaunga mkono, na walikuwemo vijana waliotoka vyuo vikuu, ambao kwao mapinduzi yasiyomtoa mnyonge kwenye unyonge hayakuwa na maana. Mir-Hossein Mousavi, msanifu majengo aliyekuwa mhariri wa gazeti la chama, alikuwa wa kundi hili la pili. Oktoba 1981 akawa waziri mkuu. Baraza lake la mawaziri lilikuwa kichekesho: Waziri wa Biashara, Habibollah Asgarowladi, alikuwa mtu wa bazari hasa, na kazi yake ilikuwa kusimamia uchumi ambao waziri mkuu wake alitaka kuutoa mikononi mwa bazari. Mwaka 1983 akajiuzulu.

Kwenye karatasi, mrengo wa kushoto ulikuwa umeshashinda mapema. Benki zilitaifishwa Juni 1979. Kifungu cha 44 cha Katiba ya mwaka huo kiliipa serikali viwanda vikubwa, biashara ya nje, madini makubwa, benki, bima, umeme, reli, meli na ndege. Vita na Iraq vilipoanza Septemba 1980 zikaja kuponi. Sukari, mafuta ya kupikia, mchele, nyama: kila kaya ilipata kuponi zenye namba, na watu wakawa wanafuatilia matangazo wajue ni namba ipi imefunguliwa na kwa bidhaa gani. Wairani wengi wa umri mkubwa bado wanamkumbuka Mousavi kwa kuponi hizo, na wengi wao kwa wema, kwa sababu mlo wa maskini haukuachiwa walanguzi peke yao.

Kilichokwama ni sheria, na hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wasiharakishe. Mwaka 1980 ilitungwa sheria ya kugawa ardhi ya wamiliki wakubwa. Masheikh wakubwa wakapiga kelele, na Novemba mwaka huohuo Imam Khomeini, kiongozi wa mapinduzi, akakisimamisha kifungu chake kikali zaidi. Bunge lilipopitisha mswada wa kuitaifisha biashara ya nje mwaka 1982, Baraza la Kulinda Katiba, chombo kinachopima kama sheria za Bunge zinaafikiana na sharia na Katiba, liliukataa kuwa unapingana na sharia. Hoja ya mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: watu wana mamlaka juu ya mali zao. Hawakuwa wakiwatetea matajiri kwa hila tu. Hivyo ndivyo vitabu walivyosoma maisha yao yote vilivyosema.

Mfano bora ni sheria ya kazi. Waziri wa Kazi wa mwanzo wa miaka ya 1980, Ahmad Tavakkoli, alileta rasimu iliyojengwa juu ya ijara. Aliyesoma fikihi ya Kishafii kwenye madrasa ya Lamu au Unguja ataitambua mara moja, ingawa wale ni Mashia: mwenye nguvu zake anazikodisha kwa ujira waliokubaliana, mkataba ukamilike, basi. Kima cha chini cha mshahara, likizo, bima, yote ni juu ya maelewano ya wawili hao, na serikali haina pa kuingilia. Wafanyakazi waliipinga vikali, na Tavakkoli akaondoka mwaka 1983. Aliyemfuata, Abolqasem Sarhaddizadeh, alikuwa wa mrengo wa kushoto. Mwishoni mwa 1987 alimwandikia Khomeini swali ambalo mimi naliona ni la ujanja kuliko yote katika historia ya sheria za Iran. Hakuuliza kama serikali inaweza kumlazimisha tajiri. Aliuliza kama, kwa kuwa kiwanda kinatumia umeme, maji, barabara na bandari za umma, serikali inaweza kumwekea mwenye kiwanda masharti ya lazima. Kwa maneno mengine, aliigeuza sheria ya kazi kuwa mkataba, akawapiga mafakihi kwa fimbo yao wenyewe.

Khomeini akajibu kwamba inaweza. Mabishano yakazidi, na tarehe 6 Januari 1988 akaenda mbali zaidi: serikali ya Kiislamu ni miongoni mwa hukumu za msingi na inatangulia hukumu zote za matawi, hata swala, saumu na hija. Inaweza kuvunja mkataba iliofunga na wananchi ukiwa unadhuru maslahi ya nchi. Mwezi uliofuata likaundwa baraza la kuainisha maslahi ili kuamua pale Bunge na Baraza la Kulinda Katiba yanapovutana, na ndilo lililoidhinisha sheria ya kazi mwaka 1990, yenye wiki ya saa 44 na ulinzi dhidi ya kufukuzwa ovyo.

Chama chenyewe kilikuwa kimeshavunjwa mwaka 1987 kwa ugomvi wa ndani. Ila mrengo wa kushoto uliushangilia uamuzi huo wa Khomeini wa 1988, na kwa maoni yangu ulikuwa unashangilia kifo cha mrengo wenyewe. Ulikuwa umepata dola isiyofungwa na fikihi ukiamini kwamba dola hiyo itabaki yao. Khomeini alifariki Juni 1989. Marekebisho ya Katiba ya mwaka huo yaliufuta uwaziri mkuu na kuyaandika mamlaka ya kiongozi kuwa kamili, yasiyo na mpaka. Kisha Baraza la Kulinda Katiba, ambalo walidhani wamelizunguka, likajipa mamlaka ya kuwachuja wagombea, na katika uchaguzi wa Bunge wa 1992 likawakata wengi wao.

Waliobaki walirudi baadaye wakizungumza mengine: uhuru wa magazeti, haki za raia, utawala wa sheria. Hawakuwa wamekuwa waliberali usiku mmoja. Walikuwa wameonja upande wa pili wa ile nguvu waliyoiomba. Mwaka 2006 Kiongozi Muadhamu, Ayatullah Khamenei, alitoa agizo la kuuza hadi asilimia 80 ya hisa za mashirika makubwa ya umma, na agizo lenyewe likaitwa sera za kifungu cha 44, kilekile kilichoipa serikali mali hizo.