Programu haijagoma, kibamba kimenasa

"Mwalimu, programu imegoma." Mwaka huu nimeshaisikia mara nne, safari hii kwa kijana wa Wete aliyevuka na boti, laptopu kaikumbatia kifuani, akiamini inataka kufutwa na kupangwa upya. Mradi wake ni kuigiza kwa programu ya kompyuta swichi ya redio ya MEMS, yaani kifaa kidogo mno chenye sehemu inayosogea: kibamba cha dhahabu kinaning'inia maikromita 3 juu ya elektrodi, yaani bamba la umeme la chini, ukitia volti kinashuka. Kwa volti 20 jibu linatoka. Kwa 30 linatoka. Mara, makosa matupu.

Wanafunzi wamejikaririsha kwamba volti ikipanda kidogo, kibamba hushuka kidogo, hivyo hivyo mpaka chini. Wallahi nimechoka. Springi huvuta juu kwa kadiri kibamba kilivyoshuka, basi. Umeme huvuta chini kwa kipeo cha pili cha volti, kugawanya kwa kipeo cha pili cha pengo lililobaki. Pengo likipungua, ukali unazidi. Kikishuka theluthi ya pengo, yaani maikromita 1 kati ya hizo 3, springi imeshindwa, na kibamba kinafyatuka chini kama mtego wa panya. Hapo katikati hapana pa kutulia. Kompyuta inatafuta jibu ambalo halipo, na huko kulikosa ndiko jibu lenyewe! Tena ukiishusha volti kidogo hakiachii. Mpaka uende chini sana ya ile iliyokinasa.

Kwangu hafungui programu mtu asiyepiga kwanza hesabu ya mkono: springi moja, bamba moja, nusu karatasi. Hapo ataona pengo likikatwa nusu, volti ya kunasa inabaki asilimia 35 hivi. Picha za rangi rangi hazimwambii hilo.

Mengine ya haraka. "Uzito wake utakipinda." Punguza vipimo vyote mara 10: uzito unapungua mara 1,000, eneo la uso mara 100 tu. Kwa hiyo usiogope uzito, ogopa nyuso kugandana, khasa kwa unyevu wetu wa masika. Ndiyo maana hufungiwa pasipoingia hewa. "Volti 30 zitamaliza betri." Kikishanasa, mkondo ni kama hakuna, kazi ni kuzipandisha kutoka 3.7 za betri. "Ni mambo ya maabara." Vichujio vya simu nyingi za 4G ni tando zinazotetemeka zaidi ya mara bilioni kwa sekunde, na unazo mfukoni.

Kijana wangu kalamu ilimpa volti 34. Programu ilikwama kwenye 33. Hiyo moja ni nguvu ya umeme wa pembezoni mwa bamba, ambayo fomula ya mkono haiihesabu.